Barua kwa mhariri: Programu za chesi zimekuwa hodari lakini bubu

Kwako Mhariri,

Wiki jana binti yangu wa miaka 11 alinijia barazani na simu yangu mkononi akanionyesha skrini akasema, "Baba, hii yasema sufuri nukta sufuri sufuri. Kwa nini?" Tangu siku hiyo swali lake halijanitoka kichwani, ndo limenifanya niandike hii barua, manake naona ni swali ambalo watengenezaji wa programu za chesi wameliruka miaka yote hii na sasa watu wameshazichoka, alafu wenyewe washangaa mbona hakuna anayenunua.

Ngoja nieleze ilikuwa nini. Nilikuwa nimempangia fumbo la zamani la bwana mmoja aitwaye Richard Réti, la mwaka 1921. Kete ni nne tu bodi nzima. Mfalme mweupe yuko nyumba ya h8 (herufi ni safu ya kusimama, namba ni safu ya kulala), kule pembeni kabisa, na pawni yake moja iko c6. Mfalme mweusi yuko a6, pawni yake iko h5. Mweupe ndo anaanza na anatakiwa atoke sare. Ukitizama hivi hivi utasema huyu mweupe kwisha habari yake, pawni ya mwenzake yakimbia kuwa kwini na yeye yuko nyuma hatua mbili hawezi kuifikia, na ile pawni yake mwenyewe iko karibu kuliwa. Mtoto akaliweka kwa simu, Stockfish, programu ya chesi ya bure, haikumaliza hata kupepesa jicho, ikatoa hatua ya mfalme kwenda g7 na pembeni ikaandika 0.00, yaani sare. Basi, imemaliza. Jibu ni sahihi kabisa na mtoto hajaelewa kitu.

Nikatoa bodi ya mbao. Nikamwonyesha kwamba mfalme akishuka mshazari, h8, g7, f6, e5, kila hatua anayopiga yamsogeza kwa pawni mbili kwa wakati mmoja, ile anayoifukuza na ile yake anayotaka kuilinda, na kwa bodi ya chesi kukata mshazari hakukugharimu zaidi, hatua moja ni hatua moja tu. Mweusi akizama kuikimbiza pawni yake, mweupe anafika kwa ya kwake na wote wawili wanapata kwini. Mweusi akipoteza muda kwenda kula ile ya c6, mfalme mweupe anageuka anaikamata ile ya h. Mzee aliyenifunza mimi fumbo hili hapa Kibokoni alikuwa akisema, usijiulize umkimbize mwizi ama umuokoe mtoto, tafuta njia inayopita kwa wote wawili. Binti akacheka, akaomba acheze yeye mwenyewe upande wa mweupe, akarudia mara tatu, mara ya tatu akaniambia "sasa wewe uwe mweupe nikujaribu."

Hilo ndo jambo langu Mhariri. Mashine inajua kila kitu na haisemi.

Na mimi siandiki kama mtu anayezichukia hizi mashine. Mimi zimenilea. Mwaka 1989 ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, akashuka Kilindini na bodi ya Saitek iliyoandikwa jina la Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi wakati ule, ile ambayo ukihamisha kete waibonyeza chini kidogo kwenye nyumba yake inalia "tii", na mashine ikitaka kucheza yawasha vitaa vidogo vyekundu pembeni kukuonyesha yataka ipi iende wapi, wewe ndo wamsogezea. Kabla ya hapo barazani kwetu ilikuwa drafti ya vizibo vya soda, karata, na wazee wawili watatu ndo walijua sataranji, yaani hii chesi. Ilipokuja ile bodi, wallahi kila magharibi baraza ilijaa mpaka watu wakasimama barabarani. Betri zilichangwa. Kahawa chungu ilipita, kashata zikapita, na ile mashine ikawapiga watu mmoja baada ya mwingine, hata wale waliojiona mabingwa.

Isipokuwa yule mzee. Yeye alikaa siku tatu anatazama tu hachezi. Siku ya nne akaketi akafunga katikati ya bodi pawni kwa pawni, mlango ukafungwa kabisa, kisha akawa hana haraka. Mashine haikuwa na la kushika, ikaanza kupeleka farasi mbele, kumrudisha nyuma, kumpeleka tena, na mzee huku anakusanya kete zake pole pole upande wa mfalme. Ilipokuja kuona hatari ilikuwa imechelewa. Akatuambia, hii yaona hatua chache tu mbele, jambo lililo mbali kuliko hapo kwake halipo. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wanalijua hilo tatizo, wanaliita upeo, kama vile mtu wa pwani anavyoona bahari inaishia pale mbingu inapoanza. Mzee hakusoma popote, aliligundua kwa kukaa mbele ya ile bodi. Na sisi vijana tukajifunza zaidi kwa mechi ile moja kuliko vitabu vyote, kwa sababu mpinzani alikuwa na udhaifu na udhaifu wake ulikuwa na maelezo.

Baadaye nikafungua kiduka cha kutengeneza kompyuta karibu na Digo Road. Miaka ya 1999 mpaka 2006 hivi. Watu walikuwa wakiingia kuuliza programu za chesi, Fritz mpya imefika? Chessmaster mpya imefika? Makarani wa bandarini, walimu, mabaharia, kijana mmoja wa Majengo aliyeuza viazi karai alikuwa akiweka pesa kidogo kidogo anunue sidii. Manake mwaka 1997 Kasparov alikuwa ameshindwa na Deep Blue, kompyuta ya IBM, kule New York, 3½ kwa 2½, na mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameishinda 4 kwa 2 kule Philadelphia, kwa hivyo kila mtu alikuwa na la kusema, wengine wakisema mashine imeshamaliza binadamu, wengine wakisema bado. Mwaka 2002 Kramnik, bingwa wa dunia, akatoka sare 4 kwa 4 na Deep Fritz huko Bahrain, na hapa kwetu nyumba ngapi zina jamaa Ghuba, ilikuwa kama mechi ya jirani. Mwaka 2005 Hydra, mashine iliyotengenezwa kwa pesa za Abu Dhabi, ikampiga Michael Adams, mchezaji mkali wa Uingereza, huko London 5½ kwa ½, tukashika vichwa. Mwaka 2006 Kramnik tena huko Bonn na Deep Fritz, bingwa wa dunia mzima hakuona mati ya hatua moja, yaani mfalme wake kunaswa kwa hatua inayofuata. Akapoteza 4 kwa 2. Nakumbuka tuliiweka ile pozisheni kwa bodi tukanyamaza wote.

Baada ya hapo mechi za bingwa wa dunia na mashine zikaisha. Na wateja wangu nao wakaanza kupungua, sikuona uhusiano wakati ule lakini sasa nauona vizuri sana.

Mwaka 2009 huko Buenos Aires programu ya Pocket Fritz 4 ikicheza ndani ya simu ya mfukoni iliingia mashindano na watu ikapata pointi 9½ kati ya 10, na ilikuwa yapekua pozisheni chini ya 20,000 kwa sekunde wakati Deep Blue lile likabati lilikuwa likipekua milioni 200. Hapo watu wa programu walipaswa wakae wajiulize, sasa tumefika, hii nguvu tuitumie kwa nini? Hawakujiuliza. Wakaendelea kuongeza nguvu, manake hiyo ndo ilikuwa imeandikwa kwenye boksi miaka yote, pointi ngapi za kiwango cha uchezaji, nani wa kwanza kwenye orodha. Leo Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, pointi zake za juu kabisa alizowahi kufika ni 2882, na hizi programu kwenye orodha zao wenyewe zimepita 3500. Mimi mtu wa Kibokoni na pointi zangu 1500 wanifaidi nini ukiniambia toleo jipya limeongeza 40? Sisi watu wa bahari twajua, mtu akishazama, pima 3 na pima 30 kwake ni mamoja.

Najua kuna atakayeniambia we mzee wasema ubunifu umekufa na AlphaZero je? Sikatai. Mwezi wa Disemba 2017 wale DeepMind wa London walitoa kitu cha ajabu, programu iliyofundishwa sheria tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe, kwa saa 4 ikaipita Stockfish, na katika mechi 100 ikashinda 28, sare 72, haikushindwa hata moja. Nilizipitia zile gemu usiku kucha, zilikuwa na uzuri, yatoa kete zake kafara kwa ajili ya nafasi utadhani ni mtu. Kisha Leela ikaja ya bure ikifuata njia ile ile, na 2020 Stockfish wakaingiza ubongo wa bandia unaojifunza, wa aina ya NNUE, ambao asili yake ni Mjapani Yu Nasu aliyeutengeneza 2018 kwa ajili ya shogi, chesi ya kwao. Hayo ni makubwa na waliofanya nawapa heshima zote, wengi wao hata hawalipwi. Lakini mtizame, yote yamekwenda upande mmoja, nguvu, nguvu, nguvu. Mtumiaji wa kawaida hakuona chochote kimebadilika kwa simu yake, jana ilikuwa yampiga na leo yampiga.

Na upande wa kuuza ndo kumekuwa jangwa. Chessmaster ilikuwa na wachezaji wa kubuni wa kila kiwango, dhaifu mpaka mkali, kila mmoja na tabia yake, na masomo ya Josh Waitzkin ambaye alikuwa akikuongelesha kwa sauti hatua kwa hatua, mimi kingereza changu cha chesi nimekijua pale. Toleo la mwisho lilitoka 2007 na hadi leo hakuna jingine. Hata Windows walikuwa na Chess Titans kwa Vista na Windows 7, pale saiba watoto walijifunza kwa hiyo wakingojea zamu ya intaneti, ilipofika Windows 8 wakaitoa. Mwaka 2021 kampuni ya ChessBase ya Ujerumani ikauza Fat Fritz 2 kwa karibu yuro 100, hizo ni zaidi ya elfu kumi za Kenya, na wenye Stockfish wakalalamika kwamba ndani yake ni Stockfish ile ile ya bure iliyobadilishwa ubongo kidogo na mnunuzi haambiwi sawasawa, wakaenda mahakamani, 2022 wakaelewana. Hebu fikiria, kampuni iliyotupa Fritz, ile ambayo kijana wa viazi karai alikuwa akiiwekea akiba. Na yale mashindano ya dunia ya kompyuta yaliyoanza Stockholm 1974, Kaissa ya Wasovieti ikachukua ubingwa wa kwanza, mwaka 2024 yalifanyika Santiago de Compostela huko Hispania na wenyewe wakatangaza kuwa ni ya mwisho. Miaka 50 yakafungwa, na sikuona gazeti lolote hapa kwetu likiandika hata mstari mmoja.

Ajabu ni kwamba chesi yenyewe haijafa. Vijana wanacheza kuliko zamani, wako kwa Lichess ambayo ni bure tangu 2010, wako kwa Chess.com, saa saba usiku mtu yuko Kisauni anacheza na mtu wa Brazili dakika tatu tatu. Wamepata binadamu wa kucheza nao wakati wowote, na hiyo naielewa, mimi pia ningechagua binadamu. Mashine imebaki kuwa refa. Mchezo ukiisha mtu anabonyeza, yamwambia hapa ulikosea, hapa ulikosea sana, alama nyekundu, alama ya manjano, anafunga simu. Hajui alikosea nini. Kesho anarudia.

Na kuna jambo jingine baya zaidi, kuiba, yaani kuiuliza simu hatua kwa siri. Mwaka 2019 huko Strasbourg grandmasta mzima, cheo cha juu kabisa cha chesi, alikutwa na simu chooni. Hapa hapa Mombasa, kwa mashindano madogo ya vijana niliyosaidia kusimamia, tulimkuta kijana wa miaka 14 na simu ndani ya soksi. Sitataja popote wala nani, mtoto alilia na mimi nikalia moyoni, kwa sababu nilimuuliza ile hatua iliyomshinda mwenzake aliichezea nini akaniambia hajui, simu ndo ilisema. Amepewa nguvu ya Deep Blue mara elfu na hajapewa sababu hata moja. Hilo halikututokea sisi na ile bodi ya vitaa vyekundu.

Sasa niseme kinachonipa moyo. Mwaka 2020 watu wa chuo kikuu cha Toronto pamoja na wa Cornell na Microsoft walitoa Maia. Hii haitafuti hatua bora. Imefundishwa kwa mamilioni ya gemu za watu wa kawaida wa Lichess, matoleo tisa kuanzia pointi 1100 mpaka 1900, ikajifunza mtu wa kiwango hicho angecheza nini hapo, pamoja na makosa yake. Zile leveli za zamani za programu ilikuwa wakiidhoofisha inacheza vizuri hatua kumi alafu yakupa kwini bure kama imepagawa, binadamu gani anacheza vile? Maia yakosea makosa yetu. Nilipocheza nayo mara ya kwanza nikakumbuka baraza. Nikaona kumbe inawezekana, kumbe wapo wanaofikiria mtu badala ya orodha. Lakini nayo pia haiongei.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wa kompyuta, na hapa Mombasa wamejaa, wako Nyali, wako Bombolulu, wako Likoni wanavuka feri kila siku na laptopu mgongoni, kila nikionana nao waniambia watengeneza apu ya kuagiza chakula. Kodi ya Stockfish, yaani maandishi ya programu yenyewe, iko wazi, waichukua bure, sharti lake ni kwamba ukitoa chako kilichojengwa juu yake uiweke kodi yako wazi pia na useme ukweli imetoka wapi, hilo hilo ndo liliwapeleka wengine mahakamani. Nguvu iko tayari, hakuna haja ya kuongeza hata pointi moja. Kilichobaki ni kuifanya iseme. Iseme kwa Kiswahili, farasi wako umempeleka pembeni hana pa kurudi. Iseme, umefungua mlango wa mfalme wako na ruku ya mwenzako iko kwenye njia ile ile. Iseme, hapa ulikuwa na haki ya kushambulia lakini ulikuwa hujamaliza kutoa kete zako nje. Hayo maneno wazee wetu wanayo, wamekuwa wakiyasema barazani miaka yote, ni kwenda na simu kuwarekodi kabla hawajatutoka. Yule mzee wa Kibokoni ametangulia mbele ya haki mwaka wa sita sasa na sauti yake hatuna.

Na msidhani ni chesi tu. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake huko Alberta, Kanada, walimaliza kabisa drafti ya kizungu, wakathibitisha kwamba wote wawili wasipokosea ni sare. Lakini ile ni drafti ambayo kingi atembea nyumba moja moja, drafti yetu ya vizibo kingi huruka kutoka pembe hadi pembe, hiyo hawakuigusa. Bao je? Kuna kazi hapa ya miaka ishirini kwa kijana mwenye hamu, na wanunuzi wako, manake mimi mwenyewe ningenunua leo na najua barabara nzima ambayo ingenunua.

Nawe Mhariri nina ombi lako. Ukurasa wako wa teknolojia kila Jumatano ni simu mpya, kamera ngapi, betri ngapi. Nipe kipande kidogo tu, upana wa tangazo la nyumba ya kupangisha, tuweke fumbo moja la sataranji kila wiki na wiki inayofuata jibu na sababu yake kwa Kiswahili. Sitaki malipo. Fumbo la kwanza liwe lile la Réti, kete nne, halili nafasi, na maelezo ya jibu nimeshayaandika kwa mkono, binti yangu ameyasoma akanirekebisha mahali pawili ambapo alisema hapaeleweki. Nitayaleta mwenyewe ofisini kwenu Jumatatu asubuhi nikishampeleka shule.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kibokoni, Mombasa